Kituo Namba Kumi

Kaveke hajawahi kusoma kitabu cha maelekezo maishani mwake. Nalisema hilo mapema ili mtu asije akadai nilimpamba. Mimi ni Kimeu, dereva wa gari la kanisa, na kwa miezi mitatu nilimzungusha kaskazini yote ya Kitui akiwa na nyaya, nguzo, koleo na mdomo. Mdomo ndio uliochukua nafasi kubwa garini.

Ni mwanamke wa miaka hamsini na moja, mfupi, mzaliwa wa Kwa Vonza, mwenye vidole vilivyoungua kwa chuma cha kulehemu. Ufundi aliupatia Kiboko, kando ya barabara ya Mombasa, kwenye kibanda cha mzee mmoja wa Nyeri aitwaye Kahiga, aliyetengeneza redio za malori na za askari wa wanyama. Alianza kama mfagiaji. Baada ya mwaka mmoja alikuwa akifungua redio kila Kahiga alipokwenda kunywa chai, na baada ya miaka mitano Kahiga alikuwa akinywa chai kutwa nzima. Alikaa pale miaka kumi na tisa. Kahiga alipofariki, wanawe waliuza kibanda kwa muuza matairi, na Kaveke akatoka na bisibisi mbili, bila hata kikaratasi cha kuonyesha kwamba aliwahi kufanya kazi mahali popote duniani.

Tangu hapo amekuwa mtu wa kibarua. Kila anakokwenda wanamwuliza cheti, wanamwuliza barua, naye hana. Basi anapewa kazi asubuhi, anaachishwa jioni, na juu yake anawekwa kijana mwenye cheti ambaye atamwuliza waya upi unaingia wapi.

Kwa hiyo kanisa letu (jina nalihifadhi, bado nakula mkate wake) lilipopata redio tisa kwa ajili ya zahanati zake, na kamati ikamwambia Kaveke kwamba redio zikifanya kazi miezi mitatu ataandikwa, aandikiwe barua yenye mhuri na jina lake, hakulala usiku huo.

"Kimeu," aliniambia siku ya kwanza tukiondoka Kyuso, "hiyo barua nitazikwa nayo."

Mimi nilicheka. Yeye hakucheka.

Niwaeleze hizi redio, maana msije mkadhani ni zile za kusikilizia matangazo ya vifo. Ukishaipita Kyuso ukielekea mashariki, simu inashika ukiwa juu ya mwamba tu, na nesi mwenye mgonjwa hawezi kumwacha akapande mwamba. Redio hizi hazitaki mnara. Zinarusha sauti juu, anga linairudisha chini, na mtu aliye kilomita mia moja anakusikia akiwa amekaa kitini. Pasta Mutie, mwenyekiti wa kamati, aliyapenda sana maelezo hayo hata akayahubiri Jumapili mbili.

Kila redio ina namba yake. Ukiita kumi na nne, inalia kumi na nne peke yake, nyingine zinanyamaza. Halafu kuna mwito wa kundi, na huo ndio tulioutaka hasa: unabonyeza mara moja, vituo vyote vinalia na kufunguka pamoja. Mto umefurika, au mtu ameumwa na nyoka na unatafuta zahanati ipi ina dawa, unaita wote. Redio moja ilikuwa mpya, ya ofisini Kyuso, na humo Kaveke aliliunda kundi kwa mkono: akaandika namba moja moja, akalipa kundi jina WOTE, akamaliza. Zile nane za zahanati zilikuwa za zamani, zenye tabia zake, na tabia hizo zilikuwa zimeandikwa kitabuni. Kitabu kilikuwa chini ya kiti changu, bado kimo ndani ya plastiki.

"Sikisomi," alisema. "Redio yenyewe itaniambia."

Kamati ilikuwa imeshachora namba kwenye vibao vya mabati, kumi na moja hadi kumi na tisa. Ofisi ilipewa kumi na moja. Tukaenda tukifunga kituo baada ya kituo bila shida yoyote, mpaka tukafika Mwanzeeni, kituo cha saba, kwa Mzee Musyoka.

Mzee Musyoka ni makamu mwenyekiti wa kamati, mzee wa kanisa kwa miaka thelathini sasa, na ana mbuzi wengi ambao hakuna aliyewahi kuwahesabu mbele yake. Nilimshushia kibao. Akakitazama, kisha akakilaza chini, uso wake kwenye mchanga.

"Mzee, kuna nini?" Kaveke akauliza.

"Hii hapana. Leta ingine."

"Lakini ni kumi na saba, Mzee. Si saba."

"Na huyo kumi ameshika nani mkono?"

Aliye wa kwetu hahitaji kuelezwa. Saba kwetu ni muonza, namba ya mkosi inayoua mifugo, na muonza hauingizwi bomani. Mchunga mbuzi akichunga siku sita, siku inayofuata anashika fimbo mtu mwingine. Nyanya yangu alizaa watoto saba na mpaka anakufa alikuwa na sita na mwingine. Hayo ni mambo ya zamani, sisi sote tumeokoka, na hakuna anayeyaamini. Ila hakuna pia anayetaka kuwa wa kwanza kutoyaamini.

Kaveke akajaribu Maandiko. Akamkumbusha kwamba Mungu mwenyewe alipumzika siku ya saba akaibariki.

"Mungu hakuwa na mbuzi," Mzee Musyoka akajibu, akaagiza tuletewe uji.

Basi Kaveke akashika redio akaanza kutafuta wa kubadilishana naye. Daktari Syokau wa Ikuuni, ambaye kusema kweli ni nesi lakini huku kwetu kila mwenye koti jeupe ni daktari, alisema yeye ni mtu wa sayansi, lakini sayansi haijamwambia aitafute saba mpaka aipate. Mwingine alisema ameokoka kabisa, shida ni mama mkwe. Musyimi, shemeji yake Pasta, alisema ataiombea hiyo namba kwanza, na nadhani mpaka leo anaomba. Kituo cha kumi na mbili walizima redio.

Ilikuwa saa tisa alasiri, jua la kuchoma utosi, na tangu asubuhi tulikuwa na ule uji tu.

"Mzee," Kaveke akasema kwa sauti ya mtu aliyechoka na ubinadamu, "nikikupa kumi? Utakuwa mbele ya wote. Hata mbele ya ofisi."

Nilimwona Mzee Musyoka akilipima hilo neno, mbele ya ofisi. Akatabasamu hadi magego. Kaveke akaingiza kumi, tukaenda hatua mia mbili kwenye gari, akamwita kwa redio moja iliyobaki kufungwa, Mzee akaitika kwa sauti kama ya mtu anayefukuza fisi. Kazi ikawa imekwisha.

Sasa, ukurasa wa arobaini na tatu wa kile kitabu unasema hivi: katika redio hizi, namba inayoishia na sifuri si namba ya mtu. Ni namba ya kumi lote. Ukiita kumi, zinalia na kufunguka zote kuanzia kumi hadi kumi na tisa. Yaani kila aliyemwita Mzee Musyoka faraghani aliwaita watu wote wa kaskazini ya Kitui waje wasikilize.

Kinachonikera ni kwamba vituo vyote vilijua. Ndani ya wiki moja walijua. Walisikia Mzee akiulizwa habari za bawasiri yake, wakasikia mwanawe akimwomba msamaha kwa fahali aliyemwuza, wakasikia mjane mmoja wa Tseikuru akimwita mara mbili kwa wiki kuulizia neno la Mungu na muda wa neno hilo ukizidi kurefuka. Hakuna hata mmoja aliyeripoti. Walivuta viti. Pasta mwenyewe, na redio yake ya ofisini, alikuwa msikilizaji mwaminifu. Kaveke tu ndiye hakujua, maana yeye alikuwa juu ya nguzo, au ndiye anayeita.

Wiki ya kumi na moja, Ikuuni ikanyamaza. Tulikwenda. Redio nzima, antena nzima, paneli ya sola inang'aa, ila betri haipo. Daktari Syokau akatazama sakafu.

"Pasta alikuja na pikapu akaichukua," alisema. "Alisema ni ya kukaguliwa. Ni wiki mbili sasa."

Mimi na Kaveke tukatazamana. Sote tulikuwa tumeiona televisheni mpya sebuleni kwa Pasta, ile isiyozima hata stima ya Kyuso ikipotea.

"Na mgonjwa akija?" Kaveke akauliza.

"Alikuja. Mama wa kujifungua. Tulimbeba kwa ng'ombe na mkokoteni saa nne nzima. Alipona, tushukuru Mungu, lakini mimi sikupona."

Kaveke alikasirika mpaka masikio yakatetemeka. Lakini ni Mkristo, na Biblia inasema ndugu akikosa usimtangaze, aonywe kwa siri, na wa kumwonya Pasta ni mzee wa kanisa. Wiki moja tu ilibaki apate barua yake, na barua ingetiwa saini na Pasta. Alilijua hilo. Alizunguka gari mara mbili, akarudi, akaunganisha redio kwenye betri ya gari langu na kumwita Mzee Musyoka, kituo namba kumi.

"Mzee, hili ni la siri, kati yako na mimi na Mungu. Ova."

"Sema, mwanangu. Ova."

Akasema. Alisema yote: betri, pikapu, televisheni, mama kwenye mkokoteni. Aliongeza kwamba Pasta akihubiri juu ya mwanga wa ulimwengu, sasa tunajua unatoka wapi. Akamwomba Mzee azungumze naye kwa upole.

Ikaja sauti nene tunayoijua wote.

"Sista Kaveke, hapa ni kumi na moja. Nimekusikia vizuri sana. Ova."

"Kumi na tatu pia amesikia," akasema mtu mwingine, kwa furaha ambayo hakuificha.

Kaveke aliweka maiki chini. Akaniambia nimpe kile kitabu.

Kamati ilikaa Ijumaa, ofisini Kyuso, watu tisa, mmoja kwa kila redio. Mimi nilisimama mlangoni kwa sababu dereva hapewi kiti. Pasta Mutie hakuzungumzia betri. Betri ilikuwa imesharudi Ikuuni alfajiri ya Jumanne, na alisema kwa kifupi kwamba ukaguzi umekamilika. Pasta ana diploma, si mtu wa kushikwa mkia.

"Swali langu ni la kiufundi," alisema. "Fundi alimwita mtu mmoja, wakasikia wote. Sista Kaveke, tuambie. Ulifanya makusudi au ulikosea?"

Hapo ndipo nilipoelewa jinsi mtu huyu alivyo mjanja. Akisema makusudi, ni fundi hodari lakini mchongezi aliyemwanika mtumishi wa Mungu, na mchongezi haandikwi kazi. Akisema amekosea, si mchongezi, lakini ni fundi asiyejua redio zake, naye pia haandikwi. Kaveke alikuwa ameketi na mkoba magotini, na nilijua ndani ya mkoba kuna bahasha ya plastiki aliyoinunua sokoni, ya kutilia barua.

Angeweza kujiokoa nusu. Angeweza kusema: mwulizeni Mzee Musyoka kwa nini nilimpa kumi. Mzee wa kanisa kwa miaka thelathini angeondolewa kwenye benchi la mbele siku hiyo hiyo. Mzee alikuwa akitazama viatu vyake kana kwamba vimeanza kuzungumza.

"Nilikosea," Kaveke akasema. "Sifuri inaita watu wote. Imeandikwa ukurasa wa arobaini na tatu. Sikusoma. Ni kosa langu, si la mtu mwingine."

"Lakini kibao nilichochora mimi ni kumi na saba," Pasta akasema. "Kumi ilitoka wapi?"

Wale waliokataa ile namba wakaanza kutafuta kalamu. Pasta akawaangalia mmoja mmoja, akaelewa, akafurahi kupata la kuhubiri.

"Ni aibu. Watu waliookoka wanaogopa hesabu! Yeriko ilizungukwa siku saba. Saba ni namba ya Bwana. Mimi mngeniletea hiyo saba ningeipokea kwa mikono miwili." Akafunga daftari. "Tupige kura. Mwenye kutaka huyu fundi aandikwe, ainue mkono. Katiba yetu inataka kura saba kati ya tisa."

Daktari Syokau alisimama kabla ya kuinua wake. "Pasta, redio zilipofanya kazi sawasawa, nilikaa gizani wiki mbili. Fundi alipokosea, betri ilirudi. Mimi nataka aendelee kukosea." Akainua mkono.

Mikono ikafuata. Wengine, nina hakika, walikuwa wakilipa deni la ule usikilizaji wote. Nikahesabu: sita. Musyimi, shemeji, alikuwa ameikalia mikono yake. Pasta hakuinua. Alibaki Mzee Musyoka, ambaye kwa desturi hupiga kura mwisho, kama wazee wote.

Mzee naye alihesabu. Nilimwona akihesabu. Mkono wake ulitoka magotini, ukafika usawa wa kifua, ukakwama hapo. Jasho likamtoka kwenye kipara. Alimtazama Kaveke, ambaye alikuwa amemnusuru muda si mrefu uliopita, na Kaveke akatazama dirishani asimlazimishe. Nilitamani kumpiga yule mzee. Nilitamani pia kumshika mkono, maana nilikuwa naona wazi kwamba ndani ya kichwa chake mbuzi walikuwa wakianguka mmoja mmoja.

Kisha akamgeukia Pasta.

"Pasta, inua wako kwanza," akasema polepole. "Mimi niwe wa nane."

"Mzee, mimi ni mwenyekiti—"

"Umesema ungeipokea kwa mikono miwili. Mkono mmoja unatosha."

Pasta Mutie alitazama mlangoni, nami nikajaza mlango. Alitazama dirishani, na kule nje, mkinisamehe, walikuwa wamefungwa mbuzi wake wawili, madume, aliowaleta kuuza mnadani kesho yake. Akawatazama muda mrefu kuliko mtu mwenye diploma anavyopaswa kutazama mbuzi. Mkono ukapanda hadi sikioni, ukajifanya unakuna.

"Juu, Pasta," Mzee Musyoka akasema kwa upole.

Ukapanda. Wa Mzee ukaruka juu haraka, ukawa wa nane, na kwa mara ya kwanza tangu asubuhi akavuta pumzi hadi tumboni. Musyimi alipoona hivyo naye akainua, wakawa tisa, akasema aliongozwa na Roho.

Barua ilichapwa hapo hapo, na Pasta akaitia saini, akaenda kuwahamishia mbuzi wake kivulini. Kaveke naye hakungoja kuambiwa. Tulipitia Mwanzeeni mchana huo huo, akafuta kumi, akamwandikia Mzee ishirini na moja, akaomba kituo kingine kimwite, na safari hii ikalia redio moja tu. Wale wengine, nasikia, walihuzunika kama waliofiwa.

Tulikuwa tumeshaiacha Mwanzeeni nyuma tukielekea Kyuso aliponiambia nisimamishe gari. Akatoa barua kwenye bahasha ya plastiki, akaifungua magotini, akanipa.

"Nisomee."

"Si unajua kusoma?"

"Najua. Nataka kusikia mtu mwingine akisema."

Nikazima injini nikasoma. Jina lake, majina yote matatu, halafu neno fundi, halafu tarehe ya kuanza, halafu neno kudumu. Alikuwa analia bila kujificha, machozi yakimdondokea kwenye vile vidole vilivyoungua. Nilipofika kwenye mhuri nikanyamaza.

"Rudia pale pa jina," akasema.

Nikarudia.